Kutoka Kolwezi Mpaka Kasaji: Usikilize Kardani Mbele ya Safari



Wengi kati yenu munajua vizuri njia ya kutoka Kolwezi kwenda Likasi na Lubumbashi. Ni njia ya malori ya shaba, na kila mtu wa migodi amekwisha kula vumbi yake. Lakini leo nataka tugeuke upande mwingine, kule jua linakoshukia. Twende Mutshatsha, kiisha Kasaji. Njia hiyo inaendelea hata Dilolo, kwenye mpaka wa Angola, na kutoka Kolwezi mpaka kule ni zaidi ya kilomita 400. Sisi tutasimama Kasaji.

Nitakuonyesha inchi, watu na udongo wake. Tena nitakuonyesha kitu kimoja kilicho chini ya gari, ambacho wasafiri wengi hawakitazami hata siku moja. Kitu hicho ni kardani. Katika njia ile, kardani ndiyo inayosema kama utalala kwako ao utalala porini.

Udongo mwekundu, kiisha mchanga

Kolwezi imejengwa mahali pa juu, zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari. Ukiondoka asubuhi mwezi wa sita, baridi inauma masikio. Unaacha nyuma vilima vya mawe yaliyotolewa migodini, unaingia katika pori la miombo. Vichuguu vya kule vinapita nyumba kwa urefu. Udongo ni mwekundu na mgumu, njia ina mawe na mashimo. Gari linarukaruka, lakini magurudumu yanashika.

Upande ule kuna pia reli ya kwenda Dilolo, inayoungana na reli ya Benguela ya Angola hata bandari ya Lobito, kwenye bahari. Kazi hiyo ilimalizika mwaka 1931, na kwa miaka mingi shaba ya Katanga ilipita pale. Vita ya Angola ilipoanza mwaka 1975, njia ile ikafungwa. Hata manganezi ya Kisenge, mgodi ulio kule magharibi, ikakosa mlango wa kutokea. Mwaka 1977 vita ikafika Mutshatsha penyewe. Watu wazima wanaiita vita ya siku makumi nane. Tangu zamani zile watu wa upande huu wamejifunza kutotegemea kitu kimoja. Treni ikikawia, ni gari. Gari likikwama, ni kinga. Kinga ikivunjika, ni miguu.

Ukisonga mbele, udongo unabadilika. Wekundu unapungua, na magurudumu yanaanza kuzama katika mchanga wa kijivu. Watu wa elimu ya udongo wanaeleza kwamba ni mchanga wa Kalahari, ulioletwa na upepo katika nyakati za zamani sana. Miti inapungua, na mabonde mapana ya majani yanafunguka kuume na kushoto. Wakati wa mvua mabonde yale yanashika maji kama sahani. Wakati wa kiangazi mchanga unakuwa laini kama unga. Maji ya upande wa mashariki yanakwenda Lualaba. Maji ya upande wa magharibi yanashuka kwa Lulua na Kasai. Yote yanakuja kukutana katika mto Congo, mbali sana na hapa.

Watu nao wanabadilika. Unaacha Wasanga wa Kolwezi, unaingia kwa Walunda, Waruund na Wacokwe. Kule wanakusalimu kwa neno moja, "Moyo!", nawe unajibu vilevile. Bukari haitoki tena katika mahindi peke yake. Ni ya mihogo, na pembeni yake sombe. Ukipita wakati mzuri, utauziwa asali ya porini ndani ya chupa.

Inchi ni nzuri. Lakini mawe, mchanga na maji, vyote vitatu vinatafuta sehemu moja ya gari lako.

Kardani ni kitu gani?

Injini iko mbele. Katika gari la 4x4 kama Land Cruiser ao Land Rover, nguvu ya injini inapita katika bwati ya vitesi, kiisha katika bwati ndogo iliyofungwa nyuma yake. Kutoka pale lazima nguvu ipelekwe kwa ponti ya nyuma, na pia kwa ponti ya mbele. Kazi hiyo inafanywa na bomba la chuma linalozunguka chini ya gari. Ndiyo kardani.

Lakini ponti inapanda na kushuka kila mara gurudumu linapokutana na shimo, nayo bwati inabaki mahali pake. Bomba lililofungwa bila kiungo lingevunjika siku ile ile. Kwa hiyo kila mwisho wa kardani kuna kiungo, sawasawa na kiungo cha mkono wako. Ndani ya kiungo kuna msalaba mdogo wa chuma, ambao mafundi wetu wanauita kruwazio. Ninyi watoto wa Katanga munajua ile misalaba ya shaba ambayo wazee wetu walifanya nayo biashara, mbele ya franka kufika. Kruwazio ina mikono minne kama ile, lakini inaenea katika kiganja. (Najua wahubiri wengine watatafuta fundisho hapa. Mimi naliacha, leo tunasema juu ya chuma.)

Mikono minne ya kruwazio inaingia katika vikombe vinne. Ndani ya kila kikombe kuna sindano fupi za chuma zilizopangwa kwa kuzunguka, nazo zinaishi katika grese. Tena kardani ina sehemu moja yenye meno, ambapo chuma kimoja kinaingia na kutoka ndani ya kingine, kusudi kardani irefuke na kufupika kwa kufuata ponti.

Jina lenyewe linatoka kwa mtu, Girolamo Cardano, Mwitalia, mganga na mtu wa hesabu, aliyezaliwa mwaka 1501 na kufa mwaka 1576. Yeye aliandika juu ya pete zinazoning'inia moja ndani ya ingine. Mwaka 1676 Mwingereza Robert Hooke akaeleza namna kiungo cha msalaba kinavyoweza kupeleka mzunguko kutoka chuma kimoja hata kingine kilichoelekea pembeni. Magari yalikuwa bado hayajawazwa.

Kiungo hiki kina tabia moja ambayo kijana anayependa ufundi anapaswa kuijua. Kikizunguka huku kimepinda, hakizungushi sawasawa. Katika kila mzunguko kinaharakisha mara mbili na kupunguza mara mbili. Jicho halioni, lakini gari linasikia. Ndiyo sababu kardani ina viungo viwili, na masikio ya bomba yanayoshika kruwazio ya mbele lazima yalale upande mmoja na yale yanayoshika kruwazio ya nyuma. Hivi, kile kinachoharibiwa na kiungo cha kwanza kinatengenezwa na cha pili. Lishike neno hilo, tutalihitaji Mutshatsha.

Adui za kruwazio ni tatu. Maji yanafukuza grese. Mchanga, ukipita kwenye mpira wa kikombe na kuchanganyika na grese, unakuwa dawa ya kusaga chuma. Na majani marefu ya njiani yanajifunga juu ya kardani inayozunguka, yanakaza kama kamba, mpaka yanakata mpira.

Siku ya tano

Miaka michache iliyopita nilipita njia ile mwezi wa sita, katika Land Cruiser pick-up ya mfanya biashara mmoja. Tulikuwa watu tisa pamoja na shofere, bila kuhesabu mtoto mchanga wa mama mmoja, na nyuma mifuko kumi na miwili ya simenti. Kati yetu walikuwa wanafunzi wawili, kijana na dada yake. Walikuwa wamekuja Kolwezi kwa kilio cha ndugu yao. Siku ya kwanza asubuhi walipaswa kuwa Kasaji kwa mtihani wa Serikali. Tuliondoka siku ya tano.

Gari liligonga tangu asubuhi. Kila mara shofere alipotoka mwendo wa nyuma kwenda wa mbele, tulisikia "ko!" chini, kama mtu anayepiga ndoo tupu. Katika mchanga, tulipotembea polepole, ikaja sauti ingine, "kwi, kwi, kwi", kama ndege mdogo anayefuata mzunguko wa magurudumu. Kiisha, mahali pagumu, gari lilipokimbia kidogo, sakafu ikatetemeka chini ya miguu yetu.

Msomaji, zishike alama hizo tatu. Ukisikia hata moja, simama, utazame chini ya gari. Usingoje zote tatu.

"Itafika tu," alisema msafiri mmoja. Shofere hakumjibu. Tulipofika Mutshatsha mangaribi, aliingia chini na torshi. Kuzunguka vikombe vya kiungo cha nyuma aliona unga mwekundu, mkavu. Ule haukuwa udongo wa njia. Ulikuwa kutu ya sindano zilizosagika. Akashika kardani kwa mikono miwili, akaigeuza kushoto na kuume. Kiungo kikacheza, lakini ponti haikutembea.

Akatoka, akapanguza mikono. "Pasta," aliniambia, "hapa tunalala."

Fundi wa Mutshatsha

Fundi tuliyemwita asubuhi ya posho alikuwa mzee wa nywele nyeupe, aliyefanya kazi zamani katika garaji ya kampuni ya migodi. Sasa garaji yake ilikuwa mwembe mmoja, benchi la mbao na sanduku la funguo.

Hakuanza na funguo. Alituma vijana kutafuta mawe makubwa, akayaweka mbele na nyuma ya magurudumu. Yule kijana mwanafunzi akashangaa.

"Baba, si gari iko ndani ya vitesi? Na freni ya mukono tulishavuta."

"Mwanangu," fundi alijibu, "kardani njo inashikanisha bwati na ponti. Nikiitosha, vitesi haishike tena magurudumu ya nyuma. Na kuko magari freni yao ya mukono inafunga palepale kwa bwati. Ile nayo inapotea. Gari itanipita juu."

Wewe kijana unayejifunza ufundi, soma maneno hayo mara mbili. Gari likiwa juu ya kriki peke yake, usiingie chini. Kardani ikitolewa, usiamini vitesi. Tafuta mawe kwanza.

Kiisha alimpa dada mwanafunzi msumari mrefu, akamwonyesha mahali pa kukwaruza mstari. Mstari mmoja ulikata kardani na sahani ya ponti, mwingine ulikata zile sehemu mbili zenye meno.

"Ya nini, Baba?"

"Meno yakirudishwa yameruka, masikio hayatatazamana. Hata vitu vyote vikiwa vipya, gari itatetemeka. Alama yako njo itanikumbusha."

Alifungua mabulo manne ya nyuma na manne ya mbele, huku kijana akishika bomba lisimwangukie. Juu ya benchi alitoa kwa koleo zile pete ndogo zinazofunga vikombe, akagonga, vikombe vikatoka. Viwili vilikuwa bado na grese nyeusi. Viwili vilikuwa vikavu kabisa. Sindano zilikuwa zimekuwa unga, na mkono wa kruwazio umeliwa kama jino bovu.

Shofere alikuwa na kruwazio mpya katika sanduku lake, imefungwa bado ndani ya karatasi. Sote tulifurahi. Fundi akachukua kikombe kipya, akakiweka kwenye tundu la sikio la kardani. Kikaingia kwa kusukumwa na kidole.

Akanyamaza. Kikombe kipya kinapaswa kukataa. Kinaingia kwa kubanwa ao kwa nyundo, polepole. Kikiingia kwa kidole, maana yake tundu limepanuka. Gari lile lilitembea na "ko" siku nyingi, na kile kilicholegea kilikula sikio. Wakati wa "ko" ya kwanza kruwazio peke yake ingalitosha. Sasa ilihitajika kardani nzima, na pale Mutshatsha hatukuipata.

"Tusude tu," alisema yule msafiri. "Kikombe kishikane na sikio kwa moto, twende." Wengine wawili wakakubali. Dada mwanafunzi aliniangalia, macho yakiwa na machozi. "Baba Pasta, lundi tuko na egzame."

Nilimgeukia fundi. Hakukasirika, alitueleza kama mwalimu. Moto wa kusude unaua mpira na sindano, na unaifanya chuma ya sikio iwe tayari kupasuka. Kardani ikikatika nyuma, bomba linapigapiga chini ya gari. Linaweza kukata mabomba ya freni ao kutoboa tangi. Ikikatika upande wa mbele, ncha yake inashuka na kuchoma udongo, na gari linaweza kunyanyuliwa nalo, kama mtu anayeruka kwa mti mrefu.

"Ile si kufika," alisema. "Ile ni kufa. Muko na batoto mu gari."

Hakuna aliyesema tena juu ya kusude.

Magurudumu ya mbele peke yake

"Lakini kuko njia ingine," fundi aliendelea. Kardani ya nyuma hakuirudisha. Aliifunga ndani ya mfuko, na sahani za bwati na za ponti akazifunika na plastiki, akakaza kwa kamba ya mpira. Kiisha aligeuza vifungio vya katikati ya magurudumu ya mbele, akamwambia shofere aweke 4x4. Tangu pale nguvu yote ilipita kwa kardani ya mbele. Magurudumu ya nyuma yalifuata tu.

Mambo mawili lazima uyajue mbele ya kumwiga. Hii inawezekana kwa gari ambalo kardani yake imefungwa kwa mabulo pande zote mbili. Kuna magari mengine ambayo mwisho wa kardani unaingia ndani ya bwati yenyewe. Ukiitoa, mafuta yanamwagika yote. Tena katika Land Rover Defender, ambayo magurudumu yake manne yanavuta siku zote, lazima kufunga diferensieli ya katikati. Usipoifunga, gari litabaki mahali pake, injini ikilia bure.

Ponti ya mbele haikufanywa kuvuta gari zito peke yake. Kwa hiyo simenti ilibaki Mutshatsha. Watu wanne wasio na haraka walibaki kungoja treni, na yule wa kusude alikuwa kati yao. Alisaidia hata kushusha mifuko. Tuliondoka watano, na mtoto mchanga mgongoni mwa mama yake. Shofere alipunguza upepo wa pine kusudi zipanuke juu ya mchanga. Alitembea bila kukanyaga ghafula, na kila tulipofika pahali palaini tulishuka sote. Wanafunzi walivua viatu, wakasukuma.

Usiku wa posho tulilala katika kijiji kimoja karibu na njia. Hatukuwajua wenyeji nao hawakutujua, lakini walituwashia moto, wakatupa bukari ya mihogo. Kijana alisoma hesabu zake kwenye mwangaza wa moto ule, watoto wa kijiji wamemzunguka. Siku ya Mungu tukaendelea, mara ndani ya gari, mara kwa miguu. Jua lilipokaribia kushuka tuliona reli tena, kiisha nyumba za Kasaji. Siku ya kwanza asubuhi wote wawili walikuwa kwenye mlango wa chumba cha mtihani.

Kardani ingine

Baada ya juma mbili kardani ikafika kutoka Kolwezi. Haikuwa mpya, ilitoka kwa gari lililokufa. Kununua kardani iliyotumika si aibu, lakini lazima uijaribu kama mtu anayenunua ng'ombe.

Shofere alikuwa ameitazama hivi. Kwanza urefu, kutoka sahani hata sahani, sawasawa na ile ya zamani. Kiisha matundu ya mabulo, hesabu yake na nafasi kati yake. Kiisha bomba lenyewe. Lililopigwa na jiwe ao kisiki likabonyea halifai, maana linazunguka kwa kuyumba na kuua ruluma za bwati. Ukiona vipande vidogo vya chuma vilivyoshikanishwa juu ya bomba, usivibandue. Viliwekwa kiwandani kusudi uzito uwe sawa pande zote. Mwisho, meno: ukishika pande mbili na kuzigeuza, zisicheze.

Kruwazio yake ya nyuma ilikuwa na umri, basi shofere akaweka ile mpya iliyokuwa sandukuni. Wale wanafunzi wawili, mtihani umekwisha, walikuja kusaidia. Kazi hii ni ya usafi. Matundu ya masikio yanapanguzwa mpaka chuma king'ae. Sindano zinashikwa kwa grese kusudi zisimame wima ndani ya kikombe. Sindano moja ikianguka chini ya kikombe, kikombe hakitaingia mpaka mwisho, na mtu asiye na subira atapiga nyundo kwa nguvu na kukipasua. Kikikataa, kitoe, utazame. Greseri, kile kidude cha kuingizia grese, igeuzwe mahali ambapo pompi itaweza kuifikia. Pete ndogo zikae vizuri katika mifereji yake. Mwisho kiungo kitembee kwa mkono pande zote. Kama kimekazana mahali, sikio linagongwa kidogo mpaka kifunguke.

Dada yule aliomba pompi ya grese. Alipompa, shofere alimwambia asiache kusukuma mpaka grese itoke kwenye vikombe vyote vinne. Ikitoka kwa vitatu tu, cha nne kimezibwa, na ndicho kitakachokufa kwanza. Alisukuma, akahesabu kwa sauti: kimoja, viwili, vitatu. Alingoja. Vinne.

Kardani ikafungwa, masikio yakitazamana, na mabulo yakakazwa yote manane. Shofere alizunguka Kasaji kilomita kama kumi, akarudi, akayakaza tena. "Ko" haikusikika.

Mbele ya kuondoka

Basi, msomaji, kama gari ni lako, ao la kazi, ao la jamaa, ao unapanda tu nyuma kama mimi, fanya hivi mbele ya safari ya mchanga. Weka mawe kwenye magurudumu. Ingia chini wakati gari limepoa. Shika kardani ya mbele na ya nyuma, uigeuze na kuitikisa. Tazama unga mwekundu kwenye vikombe. Jaribu mabulo kwa ufunguo. Toa majani yaliyojifunga. Weka grese mpya, na ukipita mto ambamo maji yamefunika kardani, weka tena ukifika. Hapana kungoja kilomita zitimie. Katika sanduku chukua kruwazio moja ya kipimo cha gari lako, pompi ya grese, na kamba ya mpira.

Nanyi vijana, musiseme kazi hii ni ya mashofere. Mtu anayekaa nyuma ya gari ndiye anayesikia "ko" vizuri kuliko yule wa mbele. Ukiisikia, gonga kwenye kabini, umwambie shofere. Wengine watakukasirikia kwa sababu ya haraka yao. Vumilia, gonga tena.

Ukifika kule, kula asali, utazame mabonde yale wakati jua linashuka, na uwasalimu watu wa Kasaji kwa neno lao: Moyo!